Asali ya Mululuza

Juzi nilikwenda Nakawa, hapa Kampala, kutafuta asali ya binti yangu. Kifua kilikuwa kimembana siku ya tatu, dawa ya chupa ameitapika, nikasema potelea mbali, nitamtibu nilivyotibiwa mimi. Nikaingia duka moja la kisasa, lile ambalo milango inajifungua yenyewe, na nikakuta sega. Si asali ya chupa, la, sega lenyewe na nta yake, limekatwa mraba kama kipande cha sabuni, limewekwa ndani ya kiboksi cha plastiki, na juu yake karatasi inayoapa kwamba ni halisi, ni safi, halijaguswa na moto. Nikamwomba msichana wa dukani anifungulie nionje kidogo. Alinitazama kana kwamba nimeomba kujaribu mswaki. Akasema kuonja hakuruhusiwi, madam, kila kitu kimeandikwa hapo juu.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akasogea. Kimeandikwa! Mimi niliyekulia Katwe, kwenye nyumba ambayo hakuna asali iliyovuka kizingiti bila kupita kwenye ulimi wa mtu, leo niiamini karatasi. Nililinunua, usinicheke, mtoto anakohoa ningefanyaje. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa na bibi yangu akilini.

Sisi ni wale Waswahili wa Kampala ambao watu hutuuliza tumetoka wapi, na sisi tunawauliza wao wanataka twende wapi. Babu wa babu yangu alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku. Cha pwani tulichobaki nacho ni Kiswahili, kanzu za Ijumaa na wali wa nazi siku ya Idi, tena nazi yenyewe ya kununua kwa taabu. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili. Ukitoa mguu nje ya mlango, Kiganda kinaanza.

Na ukitoa mguu nje, kelele nazo zinaanza. Katwe ya utoto wangu iliamshwa na nyundo. Huyu anagonga sufuria, yule anakunja bati la sigiri, wa tatu anachomelea mageti na cheche zinaruka mpaka njiani. Moshi, rangi ya kupuliza, chuma kilichoungua, mvua ikinyesha maji yanatuingilia mpaka chini ya vitanda. Hapo ndipo Bibi alipouzia masega. Aliketi kwenye mkeka barazani, mbele yake beseni kubwa la enameli limefunikwa kitambaa cheupe, kando kisu kwenye kikombe cha maji ya moto ili kisishike nta. Alikata kipande, akakiweka juu ya jani la mgomba alilolipitisha motoni likalainika, akakupa kwa mkono wa kulia. Mafundi walikuja saa nne ya asubuhi, mikono myeusi, wengine na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, mkononi, wakachuchumaa ukutani wakatafuna. Utamu ulipokwisha walibaki na kidonge cha nta, na nta hiyo haikutupwa. Bibi alikuwa na kopo lake, kila mtu anadondosha ya kwake, na mwisho wa mwezi anaiosha, anaiyeyusha, anaichuja, inakuwa mafuta ya visigino vilivyopasuka.

Watu walimwita Hajati, maana alikuwa ameshakwenda Makka, na kwa mambo ya asali Hajati alikuwa na majibu yote. Ukikohoa, tafuna sega pole pole, usimeze upesi, liache likupake kooni. Tumbo likichoma, kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu kabla hujala chochote. Fundi akirukiwa na cheche, alimwosha kwa maji safi, akampaka asali, akamfunga kitambaa, na kidonda kilikauka bila kutunga usaha. Ile chavua ya njano iliyojibana ndani ya vijumba vya sega, ambayo wengi huitema, alisema ndiyo inayompa mtu nguvu na kumwondolea mafua ya kila mara. Na kutafuna nta, alisema, kunasafisha meno kuliko huo mswaki wenu. Hakuwa mjinga lakini. Jirani yetu alikuwa muuguzi, na siku moja alimweleza kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe asali hata tone, inaweza kumdhuru vibaya. Bibi alinuna siku mbili, maana alikuwa amewaonjesha watoto wa ukoo mzima tangu siku wanazaliwa. Siku ya tatu akaanza kuwaambia akina mama barazani maneno yale yale, kana kwamba ameyatunga yeye. Wenye ugonjwa wa sukari nao aliwafukuza kwa mkono, akiwaambia waende hospitali wamwache na dhambi zake.

Sasa sikiliza. Bibi hakuwa na duka, hakuwa na kibao cha jina, hakuwa na karatasi inayoapa. Alikuwa na ulimi. Kampala kulikuwa na asali nyingi ya uongo, na bado iko. Watu wanachukua masega makavu ya zamani, wanayamwagia shira ya sukari iliyounguzwa, na macho yako hayatajua. Bibi alijua. Alichovya kidole, akasema bismillahi, akafumba macho, na baada ya muda akakuambia kama ni asali au si asali, imevunwa mbichi au imekomaa, nyuki walikula maua ya kahawa au ya msituni. Wauzaji wa soko la Nakasero walimletea ndoo zao awaonjee. Akisema ni asali, ni asali, na watu wakanunua bila swali. Akisema siyo, mwenye ndoo aliweza kuirudisha alikotoka, maana mjini hapa haiuziki tena. Chakula chetu, karo yangu, na heshima ya nyumba ile vilikaa juu ya ulimi huo mmoja.

Alinifundisha na mimi tangu nina miaka saba. Asali ya kweli, alisema, inashuka kooni na kuacha joto. Ya sukari inakimbia. Na sukari iliyoungua hujificha mbele, lakini huacha uchungu nyuma ya ulimi, hapa, akanigusa kwa kidole chenye harufu ya karafuu. Lishike somo hilo, kwa maana ndilo lililotutia matatizoni.

Nilikuwa na miaka kumi alipopata homa moja mbaya, mara tu baada ya Idi. Wiki mbili hakutoka kitandani. Jirani muuguzi alimletea vidonge, na yeye mwenyewe akaniambia nimchemshie mululuza. Huo mululuza kama huujui, shukuru Mungu wako. Ni kimti cha uani, kila nyumba Kampala inacho nyuma ya jiko, na majani yake ni machungu mpaka unasikia uchungu masikioni. Sisi watoto tuliunywa tukiwa tumeshikwa na watu wawili. Siku hiyo nililamba kijiko nikatokwa machozi. Bibi alichukua kikombe kizima, akanywa kama chai, akaniuliza mbona leo umekuwa mwepesi hivi, au nimetia maji mengi.

Nilimtazama. Naye akanitazama, na nikaona ameelewa kwamba nimeelewa. Alichukua chumvi kwenye kibakuli akaiweka ulimini. Halafu sukari. Halafu akaumega mdalasini, akautafuna, akautema kiganjani. Mimi nilianza kulia bila kujua ninalia nini. Homa iliondoka, lakini ladha iliondoka nayo, na haikurudi.

Hakumwambia mtu. Alinikalisha akanieleza kwamba ladha itarudi, inshallah, lakini mpaka irudi itabidi nimsaidie, na iwe siri yetu. Mpango wake ulikuwa hivi. Mzigo ukija, yeye ataonja mbele ya watu kama kawaida yake, kidole, bismillahi, macho kufumba. Kisha atanipa mimi kipande, kama bibi yeyote anavyompa mjukuu. Asali ikiwa nzuri, nitaomba kipande kingine. Ikiwa mbaya, nitakwenda mtungini kunywa maji. Yeye atasikia kata ikigonga mtungi, na hapo atatoa hukumu.

Usiniulize nilijisikiaje. Nilijiona malkia! Miezi mitatu wanaume wazima walisimama na ndoo zao wakisubiri neno la Hajati, na neno lenyewe lilikuwa kwangu, mtoto wa darasa la nne mwenye kidonda gotini. Sikukosea hata mara moja. Wateja wakipungua, mimi na yeye tuliingia ndani akaniuliza ile ya leo ilikuwaje, nami nikamweleza, naye akasikiliza ameinamisha kichwa. Saa hizo nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Aliyekuwa akituletea masega mazuri kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa upande wa Masindi, mfugaji wa nyuki. Zamani alikuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, hakina kona, kinakwenda mbele moja kwa moja. Alikuja kila baada ya wiki chache na ndoo mbili, masega yamepangwa kati ya majani mabichi, na hakuna siku Bibi alimkatalia. Alipenda kunitania kwamba atanipeleka nikawe mke wa nyuki. Mimi nilimjibu kwamba nyuki wana wake wengi mno.

Alifika Jumamosi moja, mvua imetoka kukatika, barazani pamejaa mafundi. Basi lilikuwa limemtingisha njia nzima na masega yalikuwa yamevunjikavunjika, yanaelea ndani ya asali yake yenyewe, kwa hiyo hata vile vifuniko vya nta ambavyo humwonyesha mtu kwamba nyuki wenyewe ndio waliofunga havikuonekana vizuri. Bibi alitia kipande kwenye bakuli. Akaonja, kidole, bismillahi, macho. Akanipa changu. Kikaingia kwa utamu, utamu mzuri kabisa, na nilikuwa karibu kuomba kingine. Halafu ukaja. Nyuma ya ulimi, pale pale aliponigusa, uchungu.

Nilisita. Nakuapia nilisita, kwa sababu nilimpenda yule mzee na kwa sababu uchungu ule haukuwa ule ninaoujua wa sukari iliyoungua. Ulikuwa mwingine. Lakini mpango ulikuwa na maneno mawili tu, kipande au maji. Nikaenda mtungini.

Bibi alisikia kata. Uso wake ulibadilika, akamwambia mzee mbele ya watu wote kwamba asali yake ina sukari iliyounguzwa. Mzee alidhani ni utani, akacheka. Alipoona hachekewi, alivua kofia.

"Hajati, mimi hapana tia sukari," alisema. "Nyuki tu. Mungu iko."

Bibi, na hili lilimuuma mpaka anakufa, alimjibu kwamba tangu awali alikuwa akimwamini kama ndugu, na kama siku hizi amejifunza ujanja wa mjini basi akawauzie wa mjini. Mafundi wakaguna. Mmoja akasema hata wazee nao! Mzee wa asali hakubishana tena. Alifunika ndoo zake moja moja, akazifunga kwa kamba, akazibeba akaondoka kupitia kwenye matope, na lile bakuli la kuonjea akaliacha pale chini. Bibi aliliweka juu ya kabati la jikoni akalisahau.

Kumbe maneno hayakusahau njia. Siku ya pili yalikuwa yameshafika Nakasero. Kila muuzaji aliyemwona mzee alimwambia Hajati amekukataa, sisi ni nani.

Ilipita wiki. Akaja fundi wa masufuria wa jirani, mtu mnene mwenye tumbo linalomsumbua, akauliza lile sega bovu liko wapi, kama linatupwa basi apewe yeye alambe, tumbo lake halichagui. Bibi akaniambia nimletee. Fundi alitia kipande mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Akamwuliza Bibi ni hii kweli aliyoikataa. Bibi akasema ndiyo. Fundi akacheka, akidhani Bibi anamtania, maana yeye mwenyewe alizaliwa huko huko upande wa Masindi.

"Hajati, hii ni ya mululuza," alisema. "Kwetu mululuza ukichanua, nyuki hawaendi kwingine. Asali yote inakuwa na uchungu huu mdogo. Hatuuzi hovyo, tunawawekea wagonjwa. Wewe si ndiye unayeijua kuliko sisi?"

Fundi akaendelea, hajui anachokifanya, kwamba yule mzee bado yuko mjini, amekaa Nakasero mlango wa chini na ndoo zake, hakuna anayenunua, na kwamba mtengeneza pombe mmoja anamshawishi amwachie zote kwa bei ya kutupa. Dawa ya wagonjwa inakwenda kuwa pombe, alisema fundi, akadondosha nta yake koponi na kwenda zake.

Bibi aliniita ndani. Nilijua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, na nilipoingia nikaanza kusema upesi upesi kwamba ulikuwa uchungu nyuma ya ulimi, pale pale aliponifundisha, wallahi Bibi. Akaniuliza kama niliujua ni uchungu wa nini. Nikamwambia sikuujua, niliona tu kwamba ni tofauti, si wa sukari, lakini mululuza naujua wa kikombe, ningejuaje kwamba nyuki nao wanaunywa. Akaniuliza mbona sikumwambia kwamba ni tofauti. Nikamwambia hakukuwa na namna ya kusema. Kulikuwa na kipande na maji tu.

Nilingoja kofi. Bibi alikaa kitandani akanivuta karibu yake.

"Ungeniambia neno moja ningejua," alisema. "Lakini nilikufunga mdomo ili watu wasijue habari yangu. Kosa si lako, mama."

Alipenda kutuambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, sisi watoto tukidhani ni maneno ya kutunyamazisha mezani. Mchana ule hakuyasema. Alioga, akavaa nguo zake nyeupe za hija, zile zinazokaa sandukuni na kafuri, akanishika mkono tukatoka. Kijana wa boda boda akamwambia Hajati panda nikufikishe. Akakataa, akasema mtu anayekwenda kuomba radhi huenda kwa miguu yake. Tukatembea Katwe mpaka Nakasero, jua la saa saba, kupita magereji, kupita vibanda vya mitumba, kupanda kile kilima. Mara mbili alisimama kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nahesabu hatua na kuomba tusifike, kwa sababu nilijua tukifika atanisogeza mbele na kusema huyu hapa, huyu ndiye aliyeonja.

Tulimkuta mzee ameketi juu ya ndoo moja, ya pili iko miguuni. Alipomwona Bibi alisimama, kwa mazoea ya jeshini nadhani, akanyooka. Bibi alimsalimia, kisha akampa mgongo akawageukia wauzaji. Walikuwa wengi, wa asali, wa nyanya, wa mananasi, na wabebaji waliosimama na mizigo begani kuona kuna nini. Mkono wangu ulikuwa ndani ya wake na ulikuwa umelowa jasho, sijui langu au lake.

"Nisikilizeni," alisema. "Mlisikia nimesema mzee huyu ametia sukari. Si kweli. Asali yake ni safi, ni ya mululuza. Mimi tangu Idi sijui tamu wala chungu, nimepoteza ladha, nikaona haya kuwaambieni. Nilimhukumu mtu kwa kitu nisichokijua. Aliyelisikia lile, afikishe na hili."

Nikangoja jina langu. Halikuja. Akamgeukia mzee, akaweka mkono kifuani, akamwomba radhi kwa maneno mafupi ambayo sikuyasikia yote kwa sababu nilikuwa nimezika uso kwenye nguo yake. Muuzaji mmoja wa asali akauliza kwa sauti, kwa hiyo miezi yote hii Hajati alikuwa akituonjea nini? Bibi akamjibu kwamba ana haki ya kukasirika. Hakuongeza neno. Wangapi wangesema ni mtoto?

Mzee aliangalia kofia yake. Akasema kwamba siku nane yeye hapana lala. Kisha akakaa, akafungua ndoo, akakata kipande kwa kisu chake cha mfukoni akampa Bibi. Bibi akala. Mzee akamwuliza iko namna gani. Bibi akasema sijui, baba, niambie wewe. Na yule mzee, kwa Kiswahili chake cha kambini, akamweleza. Kwanza tamu, mama, tamu ya kawaida. Halafu mululuza anakuja, pole pole, hapana kali. Mwisho moshi kidogo, sababu siku ile nyuki ilikuwa na hasira, mimi natumia moshi mingi. Bibi alitafuna akiitikia kila neno kwa kichwa, na machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi pia, na mwenye mananasi aliyekuwa karibu yetu akajifanya anapanga mananasi.

Wateja wengine walituhama. Wa Nakasero hawakuleta tena ndoo, na mwaka ule tulikula maharage kuliko miaka yote. Lakini mafundi wa Katwe walibaki, na mchezo ulibadilika. Kuanzia siku hiyo nilionja hadharani, nimesimama katikati ya baraza, na nilitakiwa kusema kila kitu kwa sauti, utamu wake, uchungu wake, kama kuna moshi, kama kuna chavua, huku mafundi wakinitania kwamba Hajati mdogo anahutubia bunge. Na Bibi kila alipomkatia mtu kipande alimwambia, bila kuulizwa, aliyeonja ni mjukuu wangu, mimi siwezi. Mzee wa Masindi aliendelea kuja na ndoo zake mpaka nikamaliza sekondari.

Leo pale nyumbani petu pameota ghorofa la kuuza vipuri. Nyundo zimepungua, vyombo vinakuja vimeshagongwa kutoka ng'ambo. Upande wa Masindi wanaotoka huko wananiambia vichaka vingi vimefyekwa kukapandwa miwa, maili kwa maili, na nyuki wamehama. Miwa! Hebu fikiria, sukari imemaliza asali kwa njia hiyo. Hayo yote yananisikitisha, ningekuwa mwongo kusema hayanisikitishi, lakini siyo niliyokuwa nayawaza siku ile nikitoka Nakawa.

Niliwaza siku tuliyomzika Bibi. Kwetu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu wa ukoo husimama akauliza kama kuna anayemdai marehemu, au aliyekosewa naye, aseme au asamehe. Huulizwa tu, na watu huitikia kwa pamoja kwamba wamesamehe, jeneza likaondoka. Ami yangu aliuliza, na kabla watu hawajaitikia, mzee wa asali alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Tulikuwa barazani sisi wanawake, tukageuka wote.

"Mimi hapana mtu wa dini yenu," alisema, "lakini nasikia munauliza. Huyu mama alinikosea mara moja, mbele ya watu kumi. Akakuja kwa miguu, akasema makosa yake mbele ya soko nzima. Mimi hapana dai kitu."

Akakaa. Jeneza likanyanyuliwa.

Jioni nilimfuata alipokuwa anaaga. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, na kile kitu kilikuwa kimenikaa kifuani miaka minane. Nikamwambia mzee, aliyeonja siku ile nilikuwa mimi, Bibi alisikiliza mtungi tu, kosa lilikuwa langu. Nilitegemea atashangaa. Alinitazama kwa upole, akavaa kofia yake, akainyoosha.

"Hajati alisema ni yeye," alinijibu. "Basi, mwanangu, ni yeye."

Na akaenda kutafuta basi lake. Sijamwona tena. Nimekosea watu wengi tangu wakati huo, na nimekosewa, na kila mara nimepokea ujumbe wa simu unaosema samahani kama nimekuudhi, au nimeutuma mimi mwenyewe nikiwa nimelala kitandani. Sijawahi kuvaa nguo nyeupe nikatembea juani kwenda kurudisha jina la mtu. Nina mtu mmoja hapa hapa mjini ninayepaswa kumfanyia hivyo, na nimekuwa nikiahirisha tangu mwaka jana.